Mkono wa Mariamu pale Kwa Sefu

Kuna harufu moja ambayo nikikutana nayo popote, hata kwenye ua wa nyumba ya wageni nisikojulikana, viganja vyangu huanza kuwasha. Ni harufu ya javeli, ile dawa ya kung'arishia nguo nyeupe. Juzi mama anayefua mashuka pale ninapolala siku hizi alifungua dumu lake, na mimi niliyekuwa napita na kikombe cha chai nikasimama kama mtu aliyeitwa jina lake. Akaniuliza kama naumwa. Nikamwambia hapana, nimemkumbuka tu dada yangu. Nikajishangaa kwa kusema hivyo, maana Mariamu hakuwa dada yangu, na kama kuna kitu nilichomwomba Mungu kwa bidii nikiwa mtoto, ni kwamba arudi alikotoka.

Nimezunguka sana tangu wakati ule. Niliacha shule mapema, na nilipokua sikuweza kukaa mahali, nikauza vitenge Uvira, nikapikia madereva wa malori, nikakaa miji ambayo sasa nakumbuka supu zake tu. Lakini kila mji mpya naanza na duka la dawa. Siumwi. Naingia, naegemea ukuta kama mtu anayesubiri zamu, nawatazama wanaotoa dawa na wanaopokea. Siku hizi wanasukuma boksi juu ya kioo bila kukutazama, na wewe unaliokota kama chenji. Kwetu ingekuwa matusi.

Kwetu ni Buyenzi, Bujumbura, na duka letu liliitwa Kwa Sefu. Sefu alikuwa babu yangu. Alizaliwa Ujiji, baba yake mtu mwenye asili ya Oman na mama yake Mmanyema, akavuka ziwa akiwa kijana na sanduku la kafuri, habasoda na kwinini. Wenzake waliuza vitambaa na chumvi. Yeye alisema mtu anaweza kuvaa nguo moja mwaka mzima lakini hawezi kuumwa mwaka mzima, kwa hiyo akafungua duka la dawa. Serikali ilipoanza kutaka kila farmasi iwe na alama ya msalaba wa kijani, babu alikataa: vipi mtu anayetoka msikitini apitie chini ya msalaba kufungua duka lake? Akamwagiza mchoraji achore mwezi. Basi watu wa mtaa wa Kamenge na wa milimani wakawa wanapita mbele ya duka wakiuliza farmasi iko wapi. Baada ya kuwapoteza wateja wa kutosha, babu alimwita tena mchoraji, akaongeza msalaba pembeni ya mwezi, na tangu hapo Kwa Sefu pakawa pa watu wote. Leo ukipita pale utakuta wanauza simu. Ukutani rangi ya kijani bado inachungulia chini ya ile mpya.

Wenzangu wa rika langu mliokulia mitaa ile mtakumbuka tulivyoamini kwamba dawa ina nusu mbili. Nusu moja imo ndani ya chupa. Nusu nyingine imo katika mkono wa anayekupa. Babu Sefu alikuwa na mkono. Watu walikuwa wakimsubiri amalize swala, hata kama msaidizi wake amesimama pale hana kazi, ili vidonge vipite kiganjani mwake. Alipofariki walisema mkono umeondoka naye. Baba yangu, Abdu, alisomea kazi hiyo kwenye hospitali, alikuwa na karatasi yake yenye mhuri ndani ya fremu, lakini mkono hakuwa nao, na walikuwa wakimwambia hivyo usoni, tena kwa upendo. Baba alicheka. Alikuwa akisema homa haijui mkono wa mtu, inajua kipimo cha dawa.

Bibi, mke wa Sefu, hakucheka. Alisema mkono hauzikwi, unaruka kizazi kimoja na kutua kwa mjukuu. Na mjukuu wa nyumba ile nilikuwa mimi peke yangu. Mama alikuwa amefariki kabla sijaweza kuikumbuka sura yake, Baba hakuoa tena. Kwa hiyo tangu nikiwa mdogo sana Bibi alikuwa akivikunjua viganja vyangu mlangoni kwenye mwanga, anavitazama kama mtu anayechagua mchele, halafu anavifunga. "Bado, Zaina," anasema. "Lakini utakuja." Nami nikangoja mkono wangu kama watoto wengine wanavyongoja meno.

Alikuja Mariamu badala yake.

Siro, zile dawa za maji za kunywa, wakati ule zilikuja kwenye madumu makubwa ya kioo, Baba akazigawa kwenye chupa ndogo. Chupa hizo tuliletewa na mzee mmoja wa Kamenge, mwenyeji wa milimani, ambaye alizunguka mitaani akiziokota, akazisugua kwa mchanga, jivu na javeli hadi zikalia ukizigonga. Sisi tulimwita Muzee wa Machupa. Vita vilipoingia mitaani na Kamenge ikawa inahamwa, watu wakikimbia na magodoro kichwani, hatukumwona tena. Halafu asubuhi moja akaja binti yake, peke yake, gunia la chupa kichwani. Alikuwa ametembea mji mzima na hakuna iliyovunjika. Baba alimwuliza baba yake yuko wapi. Alijibu kwa Kirundi kwamba ameambiwa azilete. Baba akatazama barabara upande huu, akatazama upande ule, akalipokea gunia na kumwingiza mtoto ndani.

Jioni tukaambiwa ni Mariamu, mtoto wa binamu yake Baba wa Rumonge. Kumbe alikuwa anaitwa Mariya, na jina lake tu ndilo lililobadilishwa kidogo, kama nguo inayopunguzwa pindo. Nilimwuliza Bibi atakaa mpaka lini. Akanijibu mpaka Mungu apende. Jibu hilo halikunitosha, nikajitafutia langu: niliamini amekuja pamoja na chupa, kama kamba inavyokuja na gunia, na kwamba chupa ya mwisho ikishatoka dukani naye atakwenda. Nikawa naingia stoo kila nikipata nafasi kutazama zilizobaki. Zikaisha. Mariamu akabaki, analala kwenye mkeka wangu, kichwa chake kwenye mto ambao ulikuwa wangu.

Niseme wazi sasa kile ambacho wakubwa wote wa nyumba walikijua na mimi sikukijua. Kulikuwa na vijana mjini waliokuwa wakimtafuta baba yake. Walidai chupa zake zilibeba petroli kwa waasi wa porini. Kama ni kweli sijui mpaka leo. Lakini wangempata mtoto wangemwuliza baba yuko wapi, na kila mtu alijua jinsi watu wanavyoulizwa siku zile. Tulikuwa na bahati kwamba Buyenzi ilikuwa Buyenzi. Ukituuliza kabila, tulijibu sisi ni Waswahili, tukaendelea kukoroga chai. Mtoto aliweza kufichwa mle ndani, ila alikuwa na Kirundi cha milimani, na Kiswahili chake kilivunjika kila neno la pili.

Baba alifikiri tofauti na watu. Alisema mtoto aliyefichwa chumbani ni maswali, mtoto aliyeketi mbele ya watu ni jibu. Akamvika mtandio mweupe wa Bibi, akampandisha kwenye kiti kirefu nyuma ya kontwari, ile meza ndefu ya kuuzia, akamkataza kufungua mdomo mbele ya wateja. Kazi yake ilikuwa moja. Baba anafunga dawa, anaeleza asubuhi na jioni, kisha anampa Mariamu, naye anamkabidhi mgonjwa kama alivyofundishwa na mama yake, mkono wa kulia mbele na wa kushoto ukiushika kwenye kiwiko, macho chini. Kiti kile kilikuwa cha Babu Sefu. Mimi sikuwahi kuruhusiwa hata kukitikisa.

Mama Fideli ndiye aliyeanza. Alikuwa muuza samaki wa Kajaga, mwanamke mnene mwenye sauti ya sokoni, na mtoto wake alikuwa na homa iliyokataa kutoka. Alirudi baada ya siku chache mtoto akiruka mgongoni. Akamwambia Baba mbele ya watu:

"Muzee Abdu, hii dawa ni ileile ulinipa mwezi uliopita. Ile ilikataa. Hii imekubali. Ni mukono wa huyu mutoto."

Nilikuwa nimekaa chini ya kontwari, mahali pangu, nachambua vizibo. Nikasubiri Baba acheke kama alivyocheka siku zote. Hakucheka. Nikasikia sauti yake, taratibu, akichagua maneno.

"Ndiyo, Mama Fideli. Mukono wa baba yangu umerudi nyumbani."

Sijawahi kupigwa kofi na Baba, lakini najua lilivyo. Nilivikunjua viganja vyangu pale gizani chini ya meza, nikavitazama. Vilikuwa safi, vidogo, havina kitu.

Leo naelewa kwamba Baba aliona ufunguo na akaugeuza hapohapo. Nani angeugusa mkono uliomponya mtoto wake? Kila mama ambaye mwanawe amepona angekuwa mlinzi wa mlango wetu bila kujua. Lakini mimi nilielewa kitu kimoja tu: urithi wangu umepewa mtoto wa machupa.

Basi ikawa hivyo. Watu wakaanza kusubiri zamu ya Mariamu hata kwa vidonge vya kichwa. Walimletea ndagala, wale dagaa wa ziwani, walimletea maparachichi, mmoja alimletea viatu vyenye kifungo cha dhahabu. Alivipokea vyote kimya, na ukimya wake ukawaongezea imani. Wakasema ndiyo maana haongei, maneno yake yote yameshukia mkononi. Mimi niliyekuwa naongea tangu alfajiri nikaonekana mtoto mwepesi, kama debe. Na uani kila jioni Baba alichukua mikono ya Mariamu na kuipaka pomadi. Ilikuwa imebabuka kwa miaka ya javeli, ngozi nyeupe kwenye viungo, kucha zimekuwa njano. Alipaka kidole kimoja baada ya kingine, polepole, akimsimulia habari ambazo hakuwahi kunisimulia mimi: Babu alivyovuka ziwa, nani alichora mwezi. Nilikuwa nakaa karibu nikisikiliza habari za babu yangu zikipita juu ya kichwa changu kwenda kwa mtu mwingine.

Nilimwambia Baba kwamba mikono yangu nayo inauma.

Akaitazama. "Mikono yako mizima, Zaina. Shukuru Mungu."

Sikushukuru. Nilianza kutafuta njia. Nilinawa kwenye maji aliyonawia Mariamu. Nilikula upande wake wa sinia, nikisukuma vidole vyangu mpaka kwenye tonge lake, na yeye akadhani nina njaa na akanisogezea nyama, jambo lililonikasirisha zaidi. Usiku nililala nimeushika mkono wake nikidhani utanivujia. Na kwa kuwa nilikuwa mtoto wa kuchunguza, nikafikia uamuzi wangu: alama ya mkono ni ile ngozi. Ngozi ya kawaida inafunika kitu. Ya Mariamu ilishatoka, ndiyo maana kitu chake kinapita.

Siku ambayo Bibi alikwenda msibani nilimimina javeli kwenye beseni lake la kuoshea mchele, nikaingiza mikono yote miwili, nikasoma sura zote nilizozijua. Zilipoisha nikazirudia. Ilianza kama maji ya moto, kisha kama upupu, kisha nikapiga kelele mpaka jirani akaruka ukuta.

Baba hakunigombeza. Alinikalisha kwenye mkeka, akainua mikono yangu kwenye mwanga, akapaka pomadi kidole kimoja baada ya kingine, polepole. Nililia kwa maumivu na chini ya maumivu nilikuwa na furaha kubwa. Bibi aliporudi akasimama juu yetu na kanga yake ya msiba.

"Huyu mtoto ana wivu utakaomchoma," alisema.

"Umeshamchoma, Mama," Baba akajibu.

Mariamu alikuwa mlangoni. Alikuja akakaa upande wangu, akapuliza viganja vyangu. Nikavifunga.

Habari ya mkono ilikuwa imeshavuka mtaa. Walikuja watu wa Kanyosha, walikuja watu waliopita vizuizi vya barabarani na watoto mgongoni, wa kila aina, wanaojuana na wasiotaka kujuana, wanapanga mstari mmoja mbele ya duka letu. Kuna siku nilimsikia Bibi akimwambia Baba uani: "Abdu, kifuniko umekigeuza ngoma." Nadhani Baba alikuwa ameshaona kosa lake. Alitaka mtaa mmoja umpende mtoto yule, na sasa mji mzima ulikuwa unazungumza juu ya msichana asiyesema, mwenye mikono iliyobabuka.

Wale vijana wa mjini walikuja siku iliyofuata baada ya zile siku za mji kufungwa, walipokuwa wakiamuru kila duka lifunge na kila mtu abaki kwake. Tulikuwa tumefunga kwa muda, kwa hiyo mstari ulikuwa mrefu mpaka kwa fundi baiskeli. Ilikuwa adhuhuri. Mariamu alikuwa ameshuka kitini na kuingia ndani na Bibi. Mimi nilikaa kwenye kizingiti cha mlango wa uani nikila ndizi, mikono yangu ikiwa na ngozi inayotoka kama maganda ya kitunguu.

Watu wa mstari walijibana ukutani. Vijana wakaingia, na aliyekuwa mbele alivaa shati safi la mikono mirefu na alimwamkia Baba vizuri, kwa jina. Alikuwa mteja. Mama yake alikuwa na pumu na dawa yake ilitoka kwetu. Wenzake walibaki mlangoni, na sikupenda jinsi mmoja wao alivyoweka mkono ndani ya jaketi kwenye jua lile.

Alisema wametumwa kumwona yule mtoto mwenye mkono. Baba akamwambia kama kuna mgonjwa amlete. Yule kijana akasema hapana mgonjwa. Wanasikia mtoto huyo si wa hapa, ni wa Muzee wa Machupa wa Kamenge, na wao wana neno moja tu la kumwuliza.

"Hapa hakuna mutoto wa Muzee wa Machupa," Baba alisema.

"Muzee, usitufanye watoto. Mji wote unajua. Iko hapa mutoto wa mukono. Mikono yake imebabuka. Tutamuuliza tu, tutamurudisha."

Mimi katika maneno yale yote nilisikia kitu kimoja. Watu wakubwa, wenye mashati safi, wametoka mbali kumtafuta mwenye mkono, na alama waliyopewa ni mikono iliyobabuka, na yule mwingine hayupo. Niliweka ndizi chini. Nilipita chini ya kontwari, nikasimama mbele ya yule kijana na kuinua viganja vyangu juu kabisa ili asiwe na shaka.

"Ni mimi," nikasema.

Alinitazama mikono, halafu uso.

"We?"

"Mimi."

"Walituambia haongei."

"Naongea. Naongea sana."

Nilimwona Baba kwa pembeni. Uso wake ulikuwa umekauka kama karatasi, mdomo wazi. Halafu kutoka kwenye mstari ikaja sauti ya sokoni, sauti ya Mama Fideli, ya kuchoka, kama mtu anayeulizwa jambo la kijinga.

"Huyo? Huyo anaongea mpaka siro inachacha. Sema tu mukono wake ni muzuri, ndiyo tunamuvumilia."

Mtu akacheka. Mwingine akasema ni kweli, siku ile alimwuliza maswali mpaka homa ikakimbia yenyewe. Mstari ukaanza kusogea, watu wakatoka ukutani, wakarudi kwenye nafasi zao kana kwamba hakuna aliyeingia.

Yule kijana akaniuliza baba yangu ni nani. Nikamwonyesha Baba. Akamgeukia kikongwe mmoja aliyekuwa mbele ya mstari, mkunga wa mtaa, akamwuliza kwa heshima kama mimi nasema kweli.

"Mwanangu," kikongwe akasema, "huyu nilimukata kitovu mi mwenyewe, kwenye chumba kile cha nyuma. Baba yake alizimia. Muulize."

Baba alitikisa kichwa kukubali. Ilikuwa kweli, tena yote.

Kijana akaashiria kile kiti kirefu kwa kidevu. "Panda. Toa dawa tuone."

Nilipanda. Kiti cha Babu Sefu. Baba akafunga vidonge kwenye karatasi, vikamwagika, akavifunga upya, akanipa bila kunitazama. Nikavitoa kwa mkono wa kulia, wa kushoto kwenye kiwiko, macho chini, maana nilikuwa nimejifunza kila kitu kwa kuibia. Mama Fideli akapokea kwa mikono miwili, akaviweka kwenye paji la uso kama walivyokuwa wakifanya kwa Mariamu, akasema Mungu akubariki, mutoto. Akafuata mwingine. Akafuata mwingine. Mwanaume mmoja ambaye najua alikuja kununua sabuni ya upele alichukua siro ya kikohozi na kuinama. Nilihisi kitu kinapita kwenye vidole vyangu. Wallahi nilihisi. Nilifikiri: ndiyo huu, umetua.

Mwisho yule kijana mwenyewe akasogea kwenye kontwari, akanyoosha mkono.

"Nipe na ya mama."

Nikampa. Akaipokea kwa mikono miwili. Akawaita wenzake, wakatoka.

Mkunga aliketi chini sakafuni, palepale aliposimama. Mama Fideli alijifunika uso kwa kitenge na mabega yake yakawa yanatikisika. Baba alishika ukingo wa kontwari kwa mikono yote miwili na kuinama mpaka nikaona kofia yake tu. Mimi nilikuwa bado juu ya kiti, viganja mbele, nangoja.

"Mwingine," nikasema.

Hakuja mtu.

Asubuhi iliyofuata Mariamu aliondoka kwa boti ya mizigo kwenda Kigoma, kwa ndugu zetu wa upande wa Babu. Baba alimsindikiza bandarini na mimi nikalazimisha kwenda. Alimshika mkono njia nzima, mimi nikashika shati lake. Kabla ya kupanda, Mariamu alinivuta pembeni. Kiswahili chake kilikuwa kimenyooka na mimi sikuwahi kugundua, kwa kuwa sikuwahi kumsikiliza.

"Kile kiti kinauma mugongo," aliniambia. "Weka kanga chini."

Ni hayo tu. Nilitaka aseme kwamba mkono amenipa. Nilimwona akikaa juu ya magunia, viatu vyake vya kifungo cha dhahabu miguuni, anavuka lile ziwa ambalo Babu alivuka, na mimi nimebaki nchi kavu.

Tukiwa njiani kurudi Baba aliniuliza kwa nini nilisema ni mimi. Nikamwambia kwa sababu ilikuwa zamu yangu. Alisimama katikati ya barabara akacheka mpaka akatoa machozi, akafuta macho na kofia, hakunieleza kitu. Bibi ndiye aliyenieleza baadaye, kwa maneno machache, wale vijana walikuwa wamemfuata nani na kwa nini. Nilimwuliza kama mstari mzima ulijua. Akasema mstari mzima.

Kwa hiyo nikapewa kiti. Ilibidi. Kama mwenye mkono angetoweka siku ile ile, yule kijana angejua alichezewa, na bado alikuja kila alipoishiwa dawa ya mama yake. Nikavishwa mtandio mweupe. Baba, akihofia mdomo wangu, akaniwekea sharti alilomwekea Mariamu: juu ya kiti, kimya. Nilikaa pale miaka ambayo wenzangu walikuwa wakiruka kamba nje, nawasikia. Shuleni nilikwenda nusu nusu, halafu sikwenda. Watu walipokea kwangu kwa mikono miwili, wakagusisha kwenye paji la uso, kwa adabu kamili, hata wale ambao hawakuwepo siku ile. Lakini mama mwenye mtoto anayeumwa sana alikuwa akiinama kwa Baba na kumwuliza chini chini yule mwingine atarudi lini.

Siku moja akaja mfanyabiashara wa boti na salamu za Kigoma. Alituambia Mariamu ananenepa, anasoma, anacheza mdako mpaka jua linazama, na kwamba hafungi mdomo. Anaongea darasani, anaongea jikoni, anaongea hata na mbuzi. Watoto wa kule wamempa jina la Redio. Baba alitaka arudie hiyo habari ya mbuzi. Uso wake ulifunguka kwa namna ambayo mimi, kwa ukorofi wangu wote na mikono yangu iliyobabuka, sikuwahi kuufungua.

Nilivunja sharti. Nilimwuliza, kutoka juu ya kiti, na mimi nitakwenda lini.

Baba alinigeukia. Alikuwa bado na kile kicheko usoni, kikawa kinaondoka taratibu.

"We utabaki na mimi, Zaina," alisema. "We ndiye mkono."

Mlangoni alikuwa ameingia mama mmoja na mtoto anayetetemeka ndani ya shuka. Baba akafunga dawa, akaniwekea kiganjani. Nikafunga mdomo, nikainamisha macho, nikaitoa.